Nusu Pikofaradi ya Mahindi

Ukitaka kuona watu wazima wakibishana kwa heshima zote bila kuachiana, nenda Mlowo, kule Mbozi, mwezi wa saba, usimame penye turubai la mnunuzi wa mahindi. Mkulima anasema yamekauka. Mnunuzi anatia punje mdomoni, anaing'ata, anasikiliza mlio wake, anatikisa kichwa. Dalali anazamisha mkono kwenye gunia mpaka kiwikoni, anautoa, anasema ndani kuna ubaridi. Wengine huja na chupa kavu ya soda, wakatia punje na chumvi kavu, wakatikisa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yamezidi unyevu wa asilimia 15. Njia hiyo ya chumvi naiheshimu sana, haina betri na haiharibiki. Shida yake inajibu ndiyo au hapana, na inajibu kwenye 15, wakati kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi ya punje kinaishia 13.5. Ugomvi wote uko katikati ya namba hizo mbili. Mahindi yenye unyevu wa 14.5 yanapita mtihani wa chumvi vizuri kabisa, kisha yanakwenda kuota ukungu ghalani, na ukungu wenyewe ndio unaoleta sumukuvu.

Shangazi yangu ananunua mahindi Mlowo na vijiji vya jirani. Alikuwa na kipimo cha dukani, kioo chake kikafa, na fundi wa kukifungua hakumpata kwa sababu ubao wote umemwagiwa gundi nyeusi. Akanijia Mwanjelwa, mjini Mbeya, kwenye meza yangu ya kutengeneza redio na inveta.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Wewe si unacheza na vidude hivi? Nitengenezee ambacho hata mwenye mahindi akikitazama ataamini."

Hilo neno la mwisho ndilo lililonipa kazi kubwa kuliko saketi.

Niliamua kupima kwa kapasitansi, kama vipimo vingi vya nafaka vinavyofanya. Sababu yake ni nyepesi. Kapasita ni vyuma viwili visivyogusana na kitu fulani katikati yao. Chaji inayokaa pale kwa kila voltu inategemea ukubwa wa vyuma, umbali wao, na hicho kitu cha katikati. Hewa tunaihesabu moja. Punje kavu za mahindi, pamoja na hewa iliyo baina yake, ni kama tatu au nne. Maji kwenye joto la kawaida ni karibu 80. Kwa hiyo maji yakiongezeka kidogo tu ndani ya punje, kapasitansi yote inapanda, na hakuna kitu kingine ndani ya mahindi chenye nguvu ya kuipandisha hivyo.

Kikombe nilikitengeneza kwa mabomba mawili ya chuma kisichoshika kutu, moja ndani ya jingine: la nje lina upana wa milimita 70 kwa ndani, la katikati milimita 25 kwa nje, kimo sentimita 10. Kitako nilikikata kutoka kibao cha plastiki cha kukatia nyama. Mbao sikuitaka, maana mbao yenyewe inakunywa unyevu wa hewa na ingegeuka kuwa kipimo cha pili. Ukipiga hesabu ya mabomba ya namna hiyo, unagawanya urefu kwa logi ya uwiano wa vipenyo, unazidisha kwa namba ya kudumu ya hewa, unapata kama pikofaradi 5.4 kikombe kikiwa kitupu (pikofaradi ni kipimo kidogo sana cha kapasitansi, sehemu moja ya trilioni ya faradi). Jaza mahindi, inapanda mpaka ishirini na kidogo. Na kila asilimia moja ya unyevu, kwenye eneo linalotuhusu, inaleta takriban pikofaradi moja.

Hapo ndipo pa kutua kidogo. Tofauti kati ya mahindi ya 13.5 yanayopokelewa na ya 14 yanayorudishwa juani ni nusu pikofaradi. Mita moja ya waya wa koaksi wa kawaida, ule wa namna ya antena ya TV, ina pikofaradi 100 hivi peke yake. Mkono ukisogea karibu na waya uliokaa wazi unaleta pikofaradi kadhaa. Miguu ya chipu, njia za shaba kwenye ubao, solda iliyotapakaa, vyote ni kapasita. Kwa hiyo kuna kitu kidogo unachokitaka, na kimezungukwa na vingi usivyovitaka ambavyo havikuambii kwamba vipo.

Nilianza na chipu ambayo kila fundi anayo kwenye kopo lake, 555. Aliibuni Hans Camenzind mwaka 1971, kampuni ya Signetics ikaanza kuiuza mwaka uliofuata, na mpaka leo haijafa. Ukiifunga kama oskileta, yaani saketi inayojirudia yenyewe, kapasita inajazwa na kumwagwa baina ya theluthi moja na theluthi mbili za voltu za betri, na marudio yake kwa sekunde ni 1.44 ukigawanya kwa kapasita mara jumla ya resista mbili, ambapo ile inayotumika kujaza na kumwaga pia inahesabiwa mara mbili. Kwa sababu viwango hivyo viwili vyote vinatokana na voltu zilezile, betri ikishuka kidogo marudio hayayumbi sana. Hilo ni jambo la busara ambalo watu wengi wanalipita bila kulishukuru.

Kuna sharti moja. Ile 555 ya zamani yenye transista za kawaida haifai hapa. Kapasita ikiwa ndogo hivi unalazimika kutumia resista kubwa, na chipu ya zamani inanyonya mkondo wake kidogo kwenye mguu wa kupimia. Kidogo hicho mbele ya resista ya laki kadhaa za omu si kidogo tena. Tafuta ya CMOS, aina ya transista ambayo mguu wake haunyonyi karibu chochote, ile yenye namba 7555 au TLC555. Mbeya mjini zinapatikana ukisumbua, na ukikosa unaagiza Kariakoo zinakuja na basi.

Nikaweka resista ya kilo-omu 470, hiyo ndiyo inayohesabiwa mara mbili, na ya 10. Mahindi yakiwa ndani, pamoja na pikofaradi kumi hivi za waya na chipu, marudio yalikuwa kama 47,000 kwa sekunde. Mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja, ATmega328P ile ya kwenye bodi za Arduino, inayahesabu kwa sekunde moja kamili na kuandika jumla. Sasa angalia: nusu pikofaradi katika 32 ni kama asilimia moja na nusu, yaani hesabu zaidi ya 700. Saketi ya bei ya soda mbili inaona nusu pikofaradi kwa hatua mia saba! Mtu angesema kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha, na nilijua haijaisha kwa sababu namba ilikuwa ikitembea kikombe kikiwa kitupu. Asubuhi ya Juni huku kwetu ni baridi ya kuvaa koti mbili. Saa saba mchana jua la Mbozi linachoma. Namba ya asubuhi na ya mchana hazikufanana, na hapakuwa na punje hata moja ndani. Niliinua kikombe mezani, ikabadilika. Nikasogeza simu, ikacheza. Hatua mia saba zilikuwepo kweli, lakini nyingi ya hizo zilikuwa habari za hali ya hewa na za mikono yangu.

Niseme pia juu ya njia nyingine ambayo vijana wanaipenda kwa sababu haihitaji chipu ya ziada: mikrokontrola yenyewe inajaza kapasita kupitia resista ya megaomu moja na kuhesabu mapigo ya saa yake mpaka voltu zifike kiwango fulani. Saa ya megahezi 16 inapiga kila nanosekunde 62.5. Kwa pikofaradi 32 unapata mapigo kama 500, na nusu pikofaradi ni mapigo manane. Unaweza kurudia mara elfu na kuchukua wastani, inasaidia. Ila oskileta inafanya marudio hayo yenyewe, ndiyo maana kwa kazi hii naiona bora. Tena ukihesabu kwa sekunde kamili, umechukua mizunguko 50 kamili ya umeme wa TANESCO, na mvumo wake unajifuta, nusu ya juu inaiondoa nusu ya chini. Ukihesabu kwa muda wa ovyo, tuseme milisekunde 33, unabaki na kipande cha mvumo ndani ya jibu. Pale Mlowo kuna mashine ya kukoboa jirani na turubai la shangazi, na hili lilionekana waziwazi.

Dawa ya mikono niliipata kwenye bomba lenyewe. Bomba la nje liunganishe na ethi ya saketi, yaani upande wake wa sifuri, la katikati ndilo liwe la kupimia. Basi. Mkono ukishika kikombe unashika ethi, na bomba la katikati limefichwa ndani. Kilichobaki wazi ni mdomo wa juu, nao nikaufunika na mfuniko wa chuma uliogusana na bomba la nje. Tangu hapo mtu anaweza kukikumbatia na namba isitikisike.

Dawa ya waya ni kuufuta. Saketi nikaihamishia chini ya kitako, sentimita tatu kutoka bomba la katikati, ndani ya kisanduku cha bati kilichoungana na bomba la nje. Kinachotoka pale kwenda kwenye kioo ni tarakimu tupu, na tarakimu hazijali waya una urefu gani wala nani ameukanyaga. Naona mafundi wengi wakiweka sensa shambani na saketi ndani ya nyumba, halafu wanapigana na koaksi mwaka mzima. Geuza palepale kipimo kilipo, kisha safirisha namba.

Baridi na joto vilibaki. Nikafikia kutafuta chipu iliyotengenezwa mahsusi kugeuza kapasitansi kuwa tarakimu. Nilizilinganisha mbili. AD7746 ya Analog Devices ina biti 24 na inaona tofauti ya atofaradi nne, yaani sehemu nne katika milioni ya pikofaradi, kitu cha ajabu kabisa, lakini eneo lake ni pikofaradi nne juu na nne chini, na inataka vyuma vyote viwili viwe huru, kimoja kikirusha na kingine kikipokea. Mimi bomba langu moja lazima liwe ethi. Nikaiacha, pamoja na uzuri wake. FDC1004 ya Texas Instruments inapima kutoka kwenye chuma kimoja kwenda ethi, ina milango minne, eneo lake ni pikofaradi 15 juu na chini, na unaweza kuiamuru iondoe mzigo wa kudumu mpaka pikofaradi 100, kwa hatua za 3.125. Kikombe changu kikiwa na ishirini na kidogo, naiamuru iondoe hatua tano, 15.625, kinachobaki kinaingia katikati ya eneo lake. Tena ina miguu miwili ya ngao: inaipa ngao voltu zilezile za waya wa kupimia kila wakati, na baina ya vitu viwili vyenye voltu sawa chaji haiendi, kwa hiyo kapasitansi ya hapo inakuwa kama haipo.

Ndani yake chipu za namna hii zinafanya kazi ambayo nilichelewa kuielewa mpaka nilipoifikiria kisokoni. Una debe lisilojulikana ujazo, na una kibaba unachokijua. Kila mara debe linamwaga maji kwenye pipa, wewe unachota kwa kibaba kila pipa linapovuka alama. Ukirudia mara nyingi sana, idadi ya vibaba ukiigawanya kwa idadi ya madebe inakupa ujazo wa debe hata kwa sehemu ndogo ya kibaba. Debe ni sensa, kibaba ni kapasita ya ndani ya chipu, na maji ni chaji. Mpangilio huo unaitwa sigma-delta. Faida yake ni kwamba jibu ni uwiano wa kapasita mbili; voltu za betri zinajiondoa zenyewe.

Kwenye mlango wa nne nikafunga kapasita ya kudumu ya pikofaradi 10, aina ya C0G. Aina hiyo inayumba si zaidi ya sehemu 30 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Usiweke ile ya Y5V kwa sababu tu imeandikwa thamani ileile. Hiyo kwenye baridi au joto kali inaweza kupoteza zaidi ya nusu ya thamani yake, na utadhani mahindi ndiyo yaliyobadilika. Kila kabla ya kupima, programu inasoma hiyo ya kudumu kwanza. Ikisogea, najua saketi ndiyo iliyosogea, na narekebisha.

Umeme nao: betri, au pawabenki. Chaja za bei rahisi zina mkondo mdogo unaovuja kutoka upande wa umeme mkubwa, na zikichomekwa namba inaanza kurukaruka kila mtu anapogusa bomba. Shangazi alinunua pawabenki nzuri, mambo yakatulia.

Kwa hiyo sasa nilikuwa na kifaa chenye biti 24, kinachotulia. Nikachukua mahindi ya gunia moja, nikayamimina taratibu kwenye kikombe, nikasoma. Nikayatoa, nikayamimina tena kwa haraka kutoka juu zaidi. Nikayatoa, nikamimina, nikagonga kikombe mezani. Majibu matatu, tofauti kati ya la kwanza na la tatu zaidi ya asilimia moja ya unyevu. Mahindi yaleyale! Ukigonga, punje zinashikamana, hewa inapungua, na kati ya mabomba kunakuwa na mahindi mengi zaidi. Kipimo hakijui kutofautisha mahindi mengi na maji mengi. Biti zote 24 hazisaidii chochote hapo, kwa sababu chipu inapima kwa uaminifu kabisa kitu ambacho mimi sikukiuliza.

Huu ndio mkasa ambao ningependa kila anayenunua chipu ya bei mbaya aupitie mapema. Usahihi wangu haukupatikana kwenye ubao wa saketi, ulipatikana kwenye faneli. Nilimwendea fundi bati mmoja, akanikunjia faneli yenye mlango chini. Unapima gramu 240 kwa mzani mdogo wa jikoni, unazitia kwenye faneli, unaiweka juu ya kikombe kwenye vishikio vyake, unavuta mlango. Mahindi yanaanguka kwa kimo kilekile na kasi ileile kila mara. Hakuna kugonga, hakuna kusukuma kwa kidole. Baada ya faneli, vipimo vya gunia moja vilikaribiana ndani ya sehemu mbili au tatu za kumi ya asilimia. Fundi bati hajui kwamba alichangia kuliko Texas Instruments.

Kilichofuata ni kuifundisha namba maana yake. Pikofaradi hazimhusu mkulima. Njia ya kweli ni ya tanuri: unapima uzito wa punje nzima, unazikausha kwa nyuzi 103 kwa saa 72, unapima tena, kilichopungua unakigawanya kwa uzito wa mwanzo. Jamaa yangu anayefanya kazi kwenye maabara alinipatia nafasi pembeni ya tanuri lao. Sampuli zenyewe nilizichukua mahindi yakiwa bado yanakauka, tangu yalipopukuchuliwa mpaka yalipokuwa makavu ya kuhifadhi, kila mara kidogo, kwenye mitungi ya kioo yenye vifuniko vya kukaza. Kuna njia ya mkato ya kuongeza maji kwenye mahindi makavu: kilo moja ya asilimia 12 ukitaka iwe 16 unaongeza gramu 48 hivi za maji, unafunga, unatikisa kila siku. Nilijaribu kulinganisha. Mahindi yaliyolowanishwa hayasomeki sawa na yaliyokauka yenyewe mpaka kufikia unyevu uleule, hasa siku za mwanzo, maana maji bado yako kwenye ganda na hayajaingia ndani. Kwa hiyo sampuli za tanuri zote ni za shambani.

Juu ya asilimia 18 hivi mstari wangu, ule wa kugeuza pikofaradi kuwa unyevu, ulianza kupinda vibaya. Mahindi mabichi yanapitisha umeme kidogo, na chipu hii inafanya kazi kwa kilohezi 25, ambapo huo mkondo wa kupenya unajichanganya na kapasitansi. Vipimo vinavyokwenda kwenye megahezi haviumii sana hivyo. Ningeweza kuhangaika, lakini nilimuuliza shangazi: mahindi ya asilimia 20 unayanunua? Akacheka. Programu ikifika 18 inaandika MABICHI na kunyamaza.

Joto la mahindi yenyewe ni jambo la peke yake, tofauti na joto la saketi. Mahindi yaliyotoka kuanikwa juani yanasomeka na unyevu zaidi kuliko yaleyale yakipoa. Kwenye kikombe changu karibu sehemu moja ya kumi ya asilimia kwa kila nyuzi. Ajabu ni kwamba maji yenyewe, yakiwa peke yake kwenye glasi, yanakwenda kinyume: yakipata joto ile 80 inashuka. Ndani ya punje maji yameshikwa na wanga, na joto linayalegeza yafuate umeme kwa urahisi zaidi. Nikatia kipima joto kidogo cha DS18B20 ndani ya bomba la katikati, programu inasahihisha. Tofauti ya nyuzi 15 kati ya asubuhi na mchana ni asilimia moja na nusu ya unyevu, na hiyo ni kutoka kupokelewa mpaka kurudishwa nyumbani na gunia lako.

Siku tulipokipeleka Mlowo, shangazi hakuanza na mahindi. Alikiweka kikombe kitupu mbele ya mzee mmoja mwenye magunia yake, akasema, "Baba, tazama kwanza kikiwa hakina kitu." Kioo kikaandika TUPU. Kisha akampa mzee mwenyewe bambo, achome gunia alipotaka. Mzee akachoma juu, katikati, na chini kabisa pembeni. Tukachanganya, tukapima gramu zetu, faneli ikavutwa. Ikaja 14. Mzee akaomba tupime ile ya chini peke yake. Nayo ikawa juu zaidi. Alinyamaza, kisha akamwambia kijana wake kwamba gunia lile lilikaa sakafuni penye unyevu, walirudishe turubaini. Hakumlaumu mtu. Kabla hajaondoka akaomba nimimine mara ya pili ile ya mwanzo, aone kama kifaa kitabadili maneno. Hakikubadili.

Upimaji huo haujagusa lumbesa, yale magunia yanayojazwa kupita kiasi, hilo ni jambo la mzani na la dhamiri, na sina chipu yake.

Mabishano mengine yalikuwa juu ya kioo. Mwanzoni niliandika tarakimu mbili baada ya nukta, kwa sababu zilikuwepo. Mtu akiona 13.52 anasema nimezidi kwa mbili tu, niachie, mwenye 13.48 anajiona mshindi. Na mimi najua kwamba tarakimu ile ya mwisho ni ya faneli na ya upepo, haina habari yoyote ya mahindi. Nilimwambia shangazi nataka kiandike kwa nusu nusu: 13, 13.5, 14. Akakataa, akasema watu watadhani kifaa ni duni, cha dukani kilikuwa na tarakimu nyingi. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe tukakubaliana: kinapima mara tatu, mahindi yakimiminwa upya kila mara, na kinaonyesha yote matatu pamoja na wastani kwa nusu nusu. Mwenye mahindi anaona mwenyewe namba zinavyotofautiana kidogo, na haulizi tena habari ya 13.48.

Mtungi mmoja wa mahindi ya tanuri, yaliyopimwa na kufungwa kwa nta, unakaa kwa shangazi. Kila Jumatatu asubuhi anaumimina kwenye faneli mbele ya yeyote aliyepo, anaurudisha na kuufunga haraka. Kwa kuwa kufungua kunabadilisha unyevu kidogo kidogo, kila mwanzo wa mwezi namletea mwingine.

Sasa anataka maharage. Maharage ya njano yana umbo lingine, yanalala tofauti kwenye kikombe, na gramu 240 zake hazijazi kimo kilekile, kwa hiyo mstari wake ni wa kuanza upya, kuanzia tanuri. Kijana wa Rungwe mwenye parachichi naye amesikia, anataka nimchomekee kikombe kwenye udongo ajue lini amwagilie. Huyo nimemwambia angoje. Udongo wenye chumvichumvi za mbolea unapitisha umeme kuliko mahindi mabichi, na kilohezi 25 zitamdanganya mchana kweupe. Vihisi vya udongo vilivyo vizuri vinafanya kazi kwa megahezi makumi, baadhi 70. Itabidi nianze na oskileta nyingine kabisa, vyuma vyake vipakwe rangi ya kuzuia maji mpaka kwenye kingo, na kabla ya yote nikachukue udongo wake Tukuyu, kwa sababu ule mweusi wa majivu ya volkeno hauna uhusiano na huu mwekundu ninaoukanyaga hapa.